Shangazi, wazee wameniambia nisiandike kwenye muhtasari

*Bwana Yesu asifiwe, Shangazi.*

*Mimi ni mama wa miaka 44, katibu wa baraza la wazee katika usharika wetu hapa Morogoro. Jumapili iliyopita binti wa darasa la sita alimweleza mwalimu wake wa shule ya Jumapili kwamba mwalimu wa kwaya humbakiza baada ya mazoezi amfundishe kinanda, halafu humshikashika, na amemwonya kuwa akisema, mama yake atatolewa kwaya. Mwalimu yule akaniambia mimi, nami nikampelekea mchungaji.*

*Jumatano wazee tukakaa. Mwalimu wa kwaya akaitwa, akakana, akalia. Ikaamuliwa ahamishiwe mtaa mwingine akafundishe kwaya huko. Jumamosi mtoto na mama yake waje, wakae naye mbele ya wazee watatu, wasameheane. Nami nikaambiwa nisiandike lolote kwenye kitabu cha muhtasari. Mmoja wa wazee ndiye baba mwenye nyumba wa yule mama, na nasikia mama ameshapelekewa laki tatu "za kumtuliza".*

*Mchungaji anasema Mathayo 18 inatutaka tumalizane sisi kwa sisi. Shangazi, nikienda polisi nitakuwa nimelisaliti kanisa? Na ikiwa kijana wa watu amesingiziwa, je?*

*Katibu, Morogoro*

Amina, mwanangu. Wewe nimeshakupigia simu, kwa sababu barua kama hii haingoji zamu yake gazetini. Umeniruhusu niichapishe ili wazee wa sharika nyingine waisome, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha mtoto asitambulike.

Nianze na hiyo Jumamosi. Kikao hicho kisifanyike. Mfikirie mtoto wa miaka kumi na miwili kwenye benchi la ofisi ya mchungaji, miguu haijafika vizuri sakafuni, mbele yake wanaume watatu anaowaamkia shikamoo kila Jumapili, na pembeni yule anayemwogopa. Mama yake kainamisha kichwa kwa sababu mmoja wa hao watatu ndiye anayempokea kodi. Halafu mtu mzima anamuuliza kwa upole kabisa, "Unamsamehe mwalimu?" Atajibu nini huyo mtoto? Atasema ndiyo, shikamoo. Na kuanzia siku hiyo, kila atakayeuliza ataambiwa yaliisha, mtoto mwenyewe alisamehe.

Mchungaji wako ana haki ya kusoma Mathayo 18, ila naona wazee wengi huifungua sura hiyo kwenye mstari wa 15, palipo na ndugu aliyekukosea. Wakipanda juu kidogo tu, kwenye mstari wa 6, watakuta habari ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo na jiwe la kusagia linalomfaa shingoni. Mstari wa 15 ni wa watu wazima wawili waliokwaruzana: mmekopeshana, mmesengenyana, mmegombania uenyekiti wa kikundi. Mtoto na mtu mzima anayetuhumiwa kumdhuru hawana ugomvi wa kusuluhishwa. (Wenzetu wa msikitini nao wasinicheke. Huko hoja huwa ni kusitiriana aibu. Stara ni ya aliyeteleza kwa nafsi yake; aliyemharibia mwenzake mtoto ana kesi, na kesi ina mahali pake.)

Sasa swali lako la kusingiziwa, ambalo ni swali zuri na wala usilionee haya. Inawezekana. Ndiyo maana baraza lenu halikupaswa kumwita na kumhoji. Nyie ni mwalimu mstaafu, mwenye duka la pembejeo, fundi cherehani na mchungaji. Hakuna kati yenu aliyesomea kumhoji mtoto wa namna hii, na kila mnapomrudisha aeleze upya mnamchosha na kumchanganya. Siku akifika kwa anayejua kazi hiyo, maneno yake yameshapitia vinywa vya watu wazima watano. Mmemwonyesha mtuhumiwa nini kinamjia, ana wiki nzima ya kupanga maneno. Na kama hana hatia, mmemnyima nafasi ya kusafishwa na chombo chenye uwezo huo, maana huko mtaa mwingine atafika na minong'ono mgongoni. Kikao cha wazee hakikuitishwa kuamua kama ni kweli. Kilikuwa na uamuzi mmoja tu wa kufanya: nani anakwenda kutoa taarifa, na saa ngapi.

Watakuletea pia ule mstari wa Timotheo, wa mashahidi wawili au watatu. Waambie jambo hili hufanyika mlango umefungwa. Sheria yetu ya Ushahidi imelijua hilo: katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mahakama ya Rufani nayo imerudia mara nyingi kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyetendewa. Kwa hiyo msimwambie mama yule kwamba "hakuna ushahidi". Mtoto ndiye ushahidi.

Kuhusu kulisaliti kanisa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na haikuandika "isipokuwa wazee wa kanisa". Uzito wa kosa wenyewe uko kwenye Kanuni ya Adhabu: kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Kushikashika kuna makosa yake pia, usidhani sheria inasubiri mpaka mtoto aharibiwe kabisa. Mambo ya ukubwa huo hayamalizwi kwa chai na andazi ofisini.

Umeniuliza kwenye simu uanzie wapi. Anzia kwa mama wa mtoto, leo, na uende wewe mwenyewe, usitume mtu. Usiende kumhoji binti. Akitaka kuongea msikilize, mwambie hajakosea na amefanya vizuri kusema, basi. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utamwambia. Kisha mpeleke mama na mtoto kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, na uombe askari wa kike. Mkiona aibu ya kuingia kituoni moja kwa moja, mwoneni afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, Simu ya Mtoto. Ni bure na wanaelekeza.

Hospitali msiiache hata kama mtoto amesema "kunishika" tu. Watoto huanza na dogo kuona kama dunia itaanguka, kubwa wanalibakiza. Kama kuna lililotokea ndani ya siku tatu, saa zina maana: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Nguo alizovaa siku hiyo zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Fomu ya polisi ya kupimiwa hospitalini, PF3, mtaipata dawatini. Na kama siku zimepita nyingi, nendeni vilevile. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja, mtoto harandarandi.

Hizo laki tatu zirudi zilikotoka, mbele ya shahidi. Mama asizile, hata akiwa na njaa, na najua pengine anayo. Kupokea fedha ili kosa kubwa lifichwe ni kosa lenyewe, na wakili wa mtuhumiwa atazitumia kusema kesi ilibuniwa kwa ajili ya pesa. Ila hapa nina neno na usharika: mkimwambia mama arudishe pesa hiyo ya hatari, nyinyi mna nini mkononi? Akifukuzwa chumba mwezi ujao kwa sababu mwenye nyumba kakasirika, atalala wapi? Mfuko wa diakonia, ule wa kusaidia wenye shida, haukuwekwa kwa ajili ya mazishi peke yake. Mlipieni miezi mitatu sehemu nyingine, nauli za mahakamani mzijue, na mpate mama mmoja wa kutembea naye kila tarehe ya kesi, maana kesi hizi huahirishwa hadi watu wanakata tamaa.

Uamuzi wa kumhamisha ndio ulionikera kuliko yote. Huko mtaa wa pili hakuna watoto? Nikupe mfano wa watu wakubwa waliofanya kama nyinyi. Uingereza kulikuwa na wakili aitwaye John Smyth, Mkristo mashuhuri, kiongozi katika kambi za vijana wa Kianglikana, aliyekuwa akiwachapa wavulana kikatili nyumbani kwake. Mwaka 1982 viongozi wa kambi zile walijua. Kasisi mmoja aliwahoji vijana na kuandika ripoti. Ripoti haikupelekwa polisi. Waliona kuipeleka kutaharibu kazi ya Mungu, wakamsukuma aondoke. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi zake mwenyewe, watoto wa Kiafrika sasa. Mwaka 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la kambi hiyo. Smyth akaenda Afrika Kusini, akafa huko mwaka 2018 bila kuhukumiwa, na waliodhurika wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100. Uchunguzi ulipotolewa Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, ikambidi atangaze kujiuzulu kwa kushindwa kulifuatilia jambo hilo ipasavyo. Wale wa 1982 nao walifikiri wanalilinda kanisa.

Mwalimu wenu basi asimamishwe huduma zote, huku na huko, mpaka vyombo vimalize. Kumsimamisha si kumhukumu, na barua iseme hivyo. Asitangazwe madhabahuni, wala mtoto asitajwe, wala "tuombee familia fulani" ile ambayo kila mtu anajua ni familia gani. Akiwekwa mahabusu, mchungaji anaweza kwenda kumwombea. Ni kondoo wake. Lakini mtu huyohuyo asiwe ndiye anayemtembelea mtoto. Gawaneni. Na msimjazie yule binti maombi ya ukombozi kana kwamba yeye ndiye mwenye pepo.

Wanakwaya wengine nao wana wazazi. Hao waambieni, bila kutaja mtoto, kwamba kuna taarifa imefikishwa polisi, na mwenye mtoto aliyewahi kubakizwa baada ya mazoezi aonane na ustawi wa jamii. Chumba cha kinanda kisiwe na komeo kwa ndani, na mtoto asifundishwe peke yake na mtu mzima mmoja, awe ni nani. Haya yangekuwepo toka mwanzo, lakini ndiyo hivyo.

Nimalizie na kitabu chako, maana ndicho kilichokufanya uniandikie. Andika. Huandiki hukumu, unaandika kilichotokea: tarehe, waliohudhuria, kwamba baraza lilipokea taarifa kuhusu usalama wa mtoto, kwamba mtuhumiwa aliitwa na kukana, kwamba iliamuliwa ahamishwe, kwamba katibu anapinga, na kwamba taarifa imefikishwa dawatini siku fulani saa fulani. Jina la mtoto usiliweke humo, kitabu hicho kinashikwa na wengi. Mchungaji akikataa kutia saini, andika "amekataa kutia saini". Piga picha kurasa hizo, ubaki nazo wewe, na nakala mpe askari wa dawati akikuomba.

Watakutaka ujiuzulu, nakuambia mapema usije ukashtuka. Ukiona huna nguvu ya kupigana, jiuzulu, hakuna atakayekulaumu hapa kwangu. Ila kitabu usikiache mezani. Kikabidhi kwa maandishi, uhesabu kurasa, na anayekipokea atie saini mbele yako.