Hereni isiyoiva itakurudia tu

Wadogo zangu mnaoniuliza kila wiki "dada, nianzie wapi na klei ya polima", naomba nianze na kwanjula moja, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti, kule Mukono, maana hiyo ndo ilinifundisha kazi hii kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Nilikuwa nimeshika oda ya jozi 12 za hereni za wasindikizaji wa bibi harusi, kijani na dhahabu zifanane na gomesi zao, yale magauni marefu ya sherehe, zikatoka nzuri mpaka mama wa binti akanikumbatia. Wageni hawajamaliza kula, jozi tatu zimeshakatika. Moja ilimkatikia msichana akiwa amepiga magoti anasalimia, kipande kikadondoka kwenye mkeka mbele ya wakwe.

Nilirudisha hela yote. Kisha nikatafuta kipimajoto cha oveni, kile cha kuning'iniza ndani, nikaweka kitufe kwenye nyuzi 130 za Selsiasi nikasubiri robo saa, kipimajoto kikasoma 100 na kidogo. Yaani miezi yote ile nilikuwa nauzia watu vitu vibichi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue nini kwanza simwambii rangi, namwambia kipimajoto. Rangi baadaye, tena nne tu zinatosha, nyeupe, nyeusi na mbili unazozipenda.

Halafu mjue hiki kitu ni nini, jina la udongo lisiwadanganye. Klei ya polima haichimbwi ardhini na haikauki juani kama ile ya vyungu, ni plastiki ya PVC, ukoo mmoja na mabomba ya maji, imechanganywa na mafuta ya kuilainisha na rangi. Moto ndo unafanya zile chembe ndogo za plastiki zishikane ziwe kitu kimoja, na moto usipofika nje panakuwa pagumu unadhani imeiva kumbe ndani chembe zimekaa tu jirani jirani, ndo maana inakatika kama biskuti. Kila kampuni ina moto wake. FIMO wameandika 110, Premo ya Sculpey 130, na muda ni kama nusu saa kwa kila milimita 6 za unene. Mimi hereni naziacha saa nzima na hazijawahi kuharibika, kinachoharibu ni moto kuzidi, sio muda. Na Sculpey III mnayoipenda kwa sababu ni laini mkononi, hiyo ni nzuri kwa vinyago vinene vya watoto, kwa kitu chembamba inavunjika hata ukiichoma vizuri, usiitengenezee hereni.

Kuna mtego mwingine kwenye pakiti za Marekani, wanaandika 275 kwa Farenhaiti, ambayo kwetu ni kama 135. Kijana mmoja wa darasa langu aliisoma hiyo 275 akaangalia oveni yake inaishia 250, akazungusha mpaka mwisho. Klei ikiungua inatoa gesi ya asidi, inachoma macho na kifua. Ikikutokea zima umeme, fungua madirisha, toa watoto nje, na oveni usiifungue mpaka ipoe. Yule kijana alikuwa na mtoto mchanga chumba cha pili, namshukuru Mungu mlango ulikuwa umefungwa. Tangu siku ile, darasa langu haligusi klei kabla kila mtu hajanisomea pakiti yake kwa sauti.

Sasa utajuaje imeiva? Tandaza kipande chembamba kama kadi ya benki, kirefu kama kidole, kichome pamoja na kazi yako, kitoe, kiache kipoe kabisa maana cha moto kinapinda tu hata kama ni kibichi. Halafu kikunje polepole kwa vidole viwili. Kilichoiva kinapinda karibu ncha zikutane, ukikiachia kinarudi. Kibichi kinafika nusu kinalia tak, na ukiangalia palipokatika unaona punje punje kama sukari. Umeme ukikatika katikati, na huku kwetu utakatika au Yaka, umeme wa kulipia kabla, itaisha, usitupe kazi. Acha ipoe humo humo, umeme ukirudi anza kuhesabu dakika upya, klei unaweza kuichoma mara nyingi unavyotaka haina neno.

Joto lile lile la kuivisha ndo linaiua kabla hujaitumia. Nyumba zetu nyingi ni mabati, saa saba mchana chini ya bati klei inaanza kuiva taratibu, unaikuta inameguka meguka unalaumu duka. Weka chini, mbali na dirisha, mimi naiweka kwenye mtungi wa udongo kona yenye kivuli. Usiiache juu ya karatasi, karatasi inanyonya yale mafuta, na usiitie kwenye makopo ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, itayayeyusha yashikane nayo. Angalia chini ya kopo, likiwa na namba 5 kwenye kile kipembetatu ni salama.

Na kitu kikishagusa klei hakirudi jikoni, kisu, sinia, kile kijiti cha kusukumia chapati, basi. Watu watawaomba vikombe na sahani, kataeni kwa heshima, hii sio plastiki ya kulia chakula.

Tuje kwenye hela, hapa ndo naona wengi mnaumia. Tuseme pakiti ya gramu 57 imekufikia kwa shilingi 25,000 za Uganda pamoja na usafiri, ukitoa mabaki unapata jozi 5, basi klei ni 5,000 kwa jozi. Kulabu na pete 1,000, umeme na msasa 500, kikadi na kimfuko 1,000. Hapo ni 7,500 na hujahesabu mikono yako. Kama jozi inakula saa moja, kukanda, kukata, kuchoma, kupiga msasa wa maji, na saa yako umeipa 6,000, ni 13,500. Sasa duka la sanaa likikwambia linachukua asilimia 40, lazima bei ya kwenye rafu iwe 22,500 ndo upate hiyo 13,500 yako. Ukiweka 15,000 kwa sababu jirani anauza 15,000, unarudi nyumbani na 9,000, toa gharama, umefanya kazi saa nzima kwa 1,500. Jamani! Afadhali uuze jozi chache mwenyewe, kwa simu na mobile money.

Na mali kauli muwe makini. Nilishawahi kuacha jozi 60 kwenye duka moja hapa Kampala, nikiuliza naambiwa hazijauzwa, siku nimeenda mwenyewe rafu imebaki na 11 na hakuna aliyekuwa na hesabu. Sikuwa na karatasi hata moja. Siku hizi naandika idadi, bei na tarehe, tunasaini wote wawili, nakala nakaa nayo, na kila mwisho wa mwezi naenda kuhesabu kwa vidole vyangu.

Mtengeneze nini? Wageni wanaopita kwenye kijiji cha sanaa nyuma ya National Theatre hapa Kampala wameshaona shanga za karatasi kila kibanda, na zile akina mama wanazijua kuliko mimi na wewe, tusiwaigie kwa klei. Tafuta kilicho chako. Mimi nakandamiza lubugo, kile kitambaa cha gamba la mti, juu ya klei mbichi, lile gamba la mutuba likishapigwa nyundo lina mistari ambayo hakuna mashine inaweza, unaitoa taratibu alama inabaki. Na nina hereni za rolex, chapati imekunjwa na yai linachungulia na kipande cha nyanya, hizo hazikai dukani. Weka akiba kabla ya Juni, wageni ni wengi Juni mpaka Septemba na tena Desemba, ukianza kutengeneza wageni wameshafika umechelewa.

Kufundisha nako, msikimbilie. Najua kunalipa haraka, na wengi mnajifunza Jumatatu mnafundisha Ijumaa, lakini mwanafunzi atakuuliza "kwa nini yangu imetoa mapovu" na lazima ujue kama ni hewa uliyoikunjia ndani wakati wa kukanda au ni kitu kingine. Mimi nilisubiri mpaka niwe nimeshakosea karibu kila kosa na kuliandika kwenye daftari. Darasa langu ni la Kiswahili kwa sababu Jumamosi napata Mkongo wa Katwe, Mnubi wa Bombo, dada kutoka Busia na Muganda wangu mmoja, na Kiswahili ndo kinatuweka meza moja. Maneno ya kazi tumeyapata pale pale. Kulainisha klei tunasema kukanda, kila mtu aliyewahi kupika chapati anaelewa bila kuonyeshwa. Ile ya kupanga vipande vya rangi viwe ua halafu unavuta na kukata vipande kila kimoja kina ua ndani, tunaita gogo. Ni ufundi wa mafundi wa vioo wa Venice, na shanga zao za hivyo zilifika Afrika kwa biashara zamani, huwa nawaambia hilo kwanza ndo wakate.

Watu 6 wanatosha kwa oveni moja. Kanda klei yao kabla hawajafika, la sivyo saa ya kwanza yote inaishia kwenye mikono kuuma. Kila mtu atoke na kitu kimoja kilichoiva, kimoja tu, usimwahidi vitano. Na ulichojifunza kwa mwalimu mwingine kwa hela usikiuze kama chako, sema umekitoa wapi.

Vile vipande vyangu vya kujaribia vyote viko kwenye kopo la Blue Band, kila kimoja kimeandikwa tarehe, aina ya klei na moto. Cha chini kabisa ni cha wiki ile ya Mukono, kijani na dhahabu, kimekatika mara mbili. Mwanafunzi mpya akija, kabla sijampa chochote, namwekea kile kopo mbele anavikunja kimoja kimoja.