Maswali yenu: Margrethe Vestager, kutoka Copenhagen hadi Brussels

Safari iliyopita nilimtaja Margrethe Vestager, mwanasiasa wa Denmark aliyekuwa kamishna wa ushindani wa Umoja wa Ulaya, yaani msimamizi wa ushindani wa haki kati ya makampuni, kuanzia 2014 hadi 2024. Mmeniuliza mengi, nimechagua haya.

Alipigiwa kura na wananchi wa Ulaya?

Hapana. Kila serikali ya nchi mwanachama humpendekeza mtu wake mmoja, Bunge la Ulaya likawahoji na kuwapigia kura wote kwa pamoja. Lakini hakuwa mgeni. Alipata uwaziri 1998 hajatimiza miaka 30, akaongoza chama kidogo cha Radikale Venstre, akawa waziri wa uchumi 2011. Zamu ya Denmark kuongoza vikao vya Umoja ilipofika mwanzoni mwa 2012, ndiye aliyeongoza vile vya mawaziri wa fedha. Kwa maoni yangu, tiketi yake ya Brussels ilikatwa hapo.

Kwao alipendwa?

Si na wote. Aliposhikilia kwamba posho ya wasio na kazi ilipwe miaka 2 badala ya 4, chama cha wafanyakazi kilimpelekea sanamu ya mkono uliosimamisha kidole cha kati. Wengine wangeitupa. Yeye aliiweka ofisini kwake, hata Brussels akahamia nayo.

Kamishna anamzidi nini waziri?

Makamishna wengi hupendekeza sheria, kisha husubiri. Wa ushindani ana rungu: Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja, inapeleleza na kutoza faini yenyewe, asiyeridhika aende mahakamani. Google ilitozwa euro bilioni 2.42 mwaka 2017, na bilioni 4.34 mwaka uliofuata. Kesi kubwa zaidi ni ya Apple, nayo si ya faini bali ya kodi. Mwaka 2016 Ireland iliamriwa iidai kampuni hiyo kodi ya hadi bilioni 13, na Ireland, amini usiamini, ikakata rufaa ili isilipwe! Mwaka 2020 Vestager alibwagwa katika mahakama ya chini ya Umoja. Septemba 2024 mahakama ya juu ikampa ushindi. Mwezi huohuo faini nyingine ya Google, bilioni 1.49, ikafutwa.

Ni kweli hufuma akiwa vikaoni?

Kweli. Hufuma tembo wa uzi.

Mbona hakurudishwa?

Chama chake hakikuwa tena serikalini, na serikali ikampeleka mtu wake, Dan Jørgensen. Sifa zote za Brussels hazikumsaidia nyumbani. Mwaka 2023 alikuwa ameutaka urais wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ukaenda kwa Nadia Calviño wa Hispania. Kiti cha ushindani nacho akakabidhiwa Teresa Ribera, Mhispania pia.