Breki na kutembeza ndege chini: tazama sindano kabla ya kulaumu simuleta

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili, maana hayo yaliyokupata na mimi yalinipata yote. Unasema umenunua pedali mpya, na tangu uzichomeke, Spitfire (ndege ya kivita ya zamani) kwenye simuleta ya DCS World haisogei mpaka usukume mkono wa mafuta kupita nusu, kisha inachomoka ghafla na kuzunguka kama pia. Hornet, ile ndege ya kivita ya jeti, nayo leo inakata kona vizuri, kesho inanyoosha moja kwa moja hadi kwenye nyasi. Umeshauriwa ufute simuleta na kuipakia upya. Usifute. Hapo kuna matatizo mawili yaliyopandana: breki inayokanyagwa bila wewe kujua, na ndege ambazo hazikati kona kwa namna unayodhani. Ukiyashika yote kwa mpigo hutajua lipi limepona.

Anza na breki inayojikanyaga. Mimi ilinila wikiendi mbili nzima. Nilibadilisha kila kitu kwenye mipangilio, nikarudisha, nikabadilisha tena. Kilichonifumbua macho ni geji ndogo upande wa kushoto wa dashibodi ya Spitfire, ile yenye sindano tatu. Breki za ndege hii ni za upepo, kama za lori. Sindano ya juu inaonyesha upepo uliopo kwenye mitungi, na mfumo wake ni wa ratili 300 kwa inchi ya mraba. Mbili za chini zinaonyesha upepo unaofika kwenye gurudumu la kushoto na la kulia. Jioni moja injini inaunguruma, miguu yangu nimeiweka sakafuni kabisa, haigusi chochote, nikainamisha macho pale: sindano zote mbili za chini zimesimama juu. Ndege ilikuwa imefungwa breki muda wote, na mimi naisukuma kwa injini. Inapofika mahali injini inashinda breki, ndege haiondoki taratibu, inaruka. Ndiyo hiyo unayoiona wewe.

Sababu yake ni kwamba pedali nyingi hutuma namba kubwa zikiwa zimeachwa na namba ndogo zikikanyagwa. Simuleta inasubiri kinyume chake, kwa hiyo pedali iliyopumzika inasomeka kama imekanyagwa hadi mwisho. Ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, chagua ndege yenyewe (kila ndege ina mipangilio yake, kurekebisha moja hakurekebishi nyingine), fungua orodha ya mihimili (vidhibiti vinavyosomeka hatua kwa hatua, siyo kuwasha na kuzima tu), bofya kisanduku cha breki kwenye safu ya pedali zako, kisha fungua dirisha la kurekebisha mhimili. Utaona alama inayosogea unapokanyaga. Ondoa mguu: alama lazima ilale upande wa sifuri. Kama imelala upande wa juu, weka tiki ya kugeuza mhimili. Ukitaka mkunjo ili breki iwe laini mwanzoni, weka pia tiki ya slaida, la sivyo mkunjo utapimwa kuanzia katikati ya safari ya pedali na utapata breki ya ajabu. Na acha kipande kidogo cha mwanzo ambacho simuleta itakipuuza, asilimia tano hivi inatosha, kwa sababu uzito wa mguu tu uliopumzika unaweza kuminya pedali bila wewe kuhisi.

Halafu kagua safu zote, siyo ya pedali peke yake. Simuleta ikiona kifaa kipya huwa inakigawia mihimili yenyewe. Jostiki yangu ina mpini unaozungushwa, na usukani wa mkia (unaogeuza pua kushoto na kulia) ulikuwa umebaki umeunganishwa pale na kwenye pedali kwa wakati mmoja. Mpini ule una mtetemo mdogo sana, na kwenye Spitfire mtetemo huo unafika hadi kwenye breki. Nitaeleza kwa nini. Futa kila kilichojirudia: usukani wa mkia kwenye jostiki, mafuta kwenye slaida usiyoitumia, breki kwenye kifaa cha mchezo wa magari kama unacho.

Kuna jingine linaloonekana kama mzimu: baadhi ya pedali hazitumi taarifa yoyote mpaka ziguswe. Unaingia kwenye ndege na simuleta inaichukulia breki kuwa iko nusu. Nikishakaa tu kwenye chumba cha rubani nakanyaga pedali zote mbili hadi mwisho, naachia, ndipo nawasha. Kwenye mipangilio ya jumla upo pia uchaguzi wa kulinganisha vidhibiti vya ndani ya ndege na vifaa vyako mwanzoni mwa misheni. Uwashe.

Kama baada ya hayo sindano bado inacheza, fungua joy.cpl, dirisha la Windows la kupima vifaa vya mchezo, uangalie pedali nje ya simuleta. Mstari ukitikisika huku mguu uko mbali, shida ni kifaa: vumbi kwenye kihisio, au waya, au USB inayopita kwenye habu yenye umeme mdogo. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta kabla ya kufungua skrubu yoyote.

Sasa Spitfire yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu wengi huiacha ndege hii nzuri kwa ajili ya kitu kinachojifunzwa kwa jioni moja.

Haina breki ya mguu wa kushoto na ya mguu wa kulia. Ina mkono mmoja tu wa breki, umefungwa kwenye ule mduara wa kushikia ulio juu ya fimbo ya kuongozea ndege, na unauminya kwa vidole kama breki ya baiskeli. Pedali zenyewe hazifungi kitu. Kazi yake kwenye breki ni kugawa upepo. Pedali zikiwa sawa, magurudumu yote mawili yanapata upepo sawa. Ukisukuma ya kushoto hadi mwisho, upepo wote unakwenda kushoto. Ndiyo maana mtetemo wa usukani wa mkia unaharibu breki: gawio linakuwa halilingani, na ndege inavutwa upande mmoja hata unapotaka kusimama wima.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini kuiunganisha breki na kitufe ni kujitesa. Kitufe hakijui robo wala nusu. Mimi niliuchukua mkono mdogo ulio mbele ya jostiki nikauunganisha na mhimili wa breki. Kama huna mkono kama huo, tumia ncha ya pedali moja tu, ya kushoto au ya kulia, usiweke zote mbili kwenye mhimili mmoja.

Kukata kona kulia kunakwenda hivi. Vuta fimbo yote nyuma tumboni ili mkia ukae chini. Sukuma pedali ya kulia kwanza, hadi mwisho, breki bado imeachwa. Minya mkono wa breki kidogo, hesabu moja, achia. Pua inaanza kwenda. Tairi la mkia la Spitfire linazunguka huru, halielekezi popote, kwa hiyo ndege ikishaanza kuzunguka haitajiacha yenyewe. Kabla pua haijafika unakotaka, ikiwa imebakiza kama robo ya kona, sukuma pedali ya kushoto na uminye tena kidogo, achia. Hilo la pili ndilo linalokosekana kwa watu wengi. Wanaminya breki ya kulia, wanasubiri pua ifike, wanaachia, na ndege inaendelea kuzunguka kwa sababu uzito wake mkubwa uko nyuma ya magurudumu makuu. Uzito ukiwa nyuma ya magurudumu unataka kutangulia mbele. Kila sentimita mkia unayotoka kwenye mstari unaongeza nguvu ya kuutoa zaidi. Na magurudumu ya Spitfire yameachana kama mita 1.7 tu, ilhali ya Mustang, ndege nyingine ya kivita ya zama zile, yameachana kama mita 3.6. Ndiyo sababu kosa linalosamehewa kwenye Mustang linavunja bawa kwenye Spitfire.

Nilikaa jioni nzima kwenye maegesho nikizunguka mraba mmoja tu, kona nne, kulia kisha kushoto, bila kupaa, macho yangu nusu nje nusu kwenye zile sindano mbili. Unaminya, sindano ya kulia inapanda, ya kushoto imelala. Unaachia, zote zinalala. Ukiziona zote mbili zimepanda katikati ya kona, ujue pedali hukuisukuma hadi mwisho. Ile ya juu nayo itazame mara kwa mara: kila unapominya unatumia upepo, na kompresa ya injini inaurudisha polepole. Anayeburuza breki njia nzima anafika kwenye mstari wa kuruka mitungi ikiwa haina kitu.

Mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka. Pua inaziba mbele yote, kwa hiyo nenda kwa nyoka, kushoto kidogo, kulia kidogo, ukichungulia pembeni. Usiminye kwa nguvu ukiwa na kasi, maana ndege itainamia mbele na panga la propela litapiga ardhi. Kwenye mipangilio maalumu ya ndege hii upo msaada wa kupaa na usukani wa mkia unaojiendesha. Wakati wa mazoezi haya izime yote miwili, vinginevyo miguu yako itashindana na mashine.

Ukihamia kwenye Mustang, sahau nusu ya hayo. Yenyewe ina breki mbili kwenye ncha za pedali, na tairi la mkia limeunganishwa na fimbo. Fimbo ikiwa katikati au nyuma, tairi linafuata pedali kwa nyuzi 6 tu kila upande. Ukitaka kona kali, sukuma fimbo mbele na tairi linaachiwa huru. Aliyezoea Spitfire anavuta fimbo nyuma, anakanyaga breki ya kulia, na ndege inagoma kwa sababu tairi la mkia limefungwa karibu wima. Bf 109 ya Wajerumani ina mkono wake wa kufungia tairi la mkia; ufungue kwenye kona, ufunge kabla ya kupaa. Kwenye ndege za jeti MiG-15 na L-39 utakuta tena mkono mmoja wa breki kwenye fimbo na pedali za kugawa, na gurudumu la pua linazunguka huru, kwa hiyo usijaribu kukata kona ndege ikiwa imesimama. Iache itembee kwanza.

Hornet yako sidhani kama ni mbovu. Gurudumu la pua linaelekezwa na mashine, na kuna hali mbili: ya kawaida inayotoa nyuzi 16, na ya juu inayotoa nyuzi 75 na inayotaka uendelee kushikilia kitufe. Kwenye kioo cha mbele itaandikwa NWS (uelekezaji wa gurudumu la pua), na NWS HI ukiwa kwenye ya juu. Siku inaponyoosha hadi kwenye nyasi, tazama pale kabla ya kufanya kitu kingine. Kama hakuna maandishi, uelekezaji umezimwa. Bonyeza kitufe chake. Kama ipo NWS peke yake, hakukuwa na nyuzi za kutosha kwa kona ile. Hakikisha pia mkono wa breki ya kuegesha umerudishwa ndani kabisa.

Fanya la kugeuza mhimili leo, kwa Spitfire peke yake, kisha andika hapa zile sindano mbili za chini zimesimama wapi miguu ikiwa sakafuni. Zikiwa zimelala zote na ndege bado inavuta upande mmoja, niambie ni upande gani na mkono wa mafuta uko wapi, maana Merlin, injini ya Spitfire, inavuta pua kushoto unapoongeza moto, na hilo halitibiwi kwenye mipangilio ya breki.