Masomo kazini: maswali yenu na majibu

Wiki hii barua zote zinahusu mafunzo ya watumishi wa umma Tanzania.

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa halmashauri. Nimemaliza shahada ya ununuzi na ugavi kwa kujilipia, nikisoma jioni. Mbona sibadilishiwi kada, yaani kundi la kazi ninamoajiriwa?

Hongera, dada. Ila cheti peke yake hakibadilishi kada. Muundo wa kada unayoitaka lazima uitambue sifa yako, nafasi iwepo kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) na iwe na bajeti, kisha mwajiri akuombee kibali Ofisi ya Rais, Utumishi. Andika barua kupitia kwa mkuu wako wa idara, ambatisha vyeti, na uhakikishe imeingia kwenye jalada lako binafsi. Mwaka wa fedha huanza Julai na ikama huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya Juni imechelewa. Lingine ambalo wengi hawaambiwi: ukibadilishiwa kada unawekwa kwenye cheo cha kuanzia cha kada mpya. Uliza mapema mshahara wako utakuwaje.

Nina miezi minne kazini. Nilipewa meza na rundo la majalada. Mafunzo elekezi, yale ya kumkaribisha mtumishi mpya kazini, sijayaona.

Yaombe kwa maandishi, maana ni wajibu wa mwajiri. Inauma kuona kijana anashitakiwa kwa kuvujisha siri wakati hakuna aliyemweleza jalada la siri linashikwaje. Chuo cha Utumishi wa Umma huyatoa. Kwa serikali za mitaa kipo pia chuo cha Hombolo, Dodoma.

Tangu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi, ichukue nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, tathmini inamsaidia mtu kupelekwa mafunzo?

Inapaswa. Onyesha ulipokwama na ujuzi uliokosa. Mkimpa kila mtu alama za juu, afisa utumishi hatajua nani apelekwe wapi.

Bajeti ya mafunzo hukatwa kila mwaka, nami nina vijana wasiojua kuandika dokezo, lile andiko la ofisini la kumwomba mkubwa uamuzi.

Mkuu, hilo halihitaji hoteli wala posho. Dokezo bovu usiliandike upya mwenyewe. Mwite aliyeliandika, mkalishe karibu, mwonyeshe: hoja imejificha aya ya tatu, folio (namba ya waraka ndani ya jalada) haikutajwa, na mwishoni hakuna pendekezo, sasa anayeidhinisha aidhinishe nini? Aliandike tena hapo hapo. Fanya hivyo kila wiki na utaona tofauti. Fedha kidogo ikipatikana, mpeleke mtu wa masijala, ofisi inayotunza majalada, kwenye kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma, iliyokuwa Chuo cha Uhazili. Masijala ikiyumba, ofisi nzima inatafuta majalada.