Gundi ya unga haishiki vizibo vya chupa

Je, watoto wanaweza kubandika maua ya vizibo vya chupa vya plastiki kwenye kadi ya shukrani ya boksi kwa gundi ya unga wa ngano? Hapana, haitavishikilia, hata ukiipika ikawa nzito kama uji. Inashika karatasi, boksi na vitambaa kwa sababu vinanyonya maji yake na wanga unabaki umeng'ang'ania kwenye nyuzi. Plastiki hainyonyi kitu. Gundi ikishakauka kizibo kinabanduka, na mtoto anamkabidhi bibi yake kadi huku maua ya vizibo yanadondoka njiani. Inauma, maana ameifanya kwa moyo wote.

Nafundisha chekechea, na sisi tunashona. Mtu mzima anaweka kizibo juu ya kipande cha ubao, anatoboa matundu mawili kwa msumari, kisha mtoto anapitisha uzi wa sufu hadi nyuma ya kadi ya boksi na kufunga fundo. Kizibo kinakaa imara kama kifungo cha shati, na vidole vyao vinapata kazi nzuri. Gundi ya unga ibakie kwa majani ya gazeti na picha, ipakwe nyembamba, la sivyo karatasi inajikunja.

Ila kama nyumbani kwa mpokeaji kuna mtoto wa chini ya miaka 3, vizibo viache kabisa. Vingi vina upana wa kama sm 3, na kipimo cha usalama wa vichezeo huhesabu kitu kinachozama kwenye mrija wenye upana wa mm 31.7 kuwa cha kumkaba mtoto. Hapo tumia vitambaa.