Hiyo 782.567 huenda siyo PC 36:4, usitume bado!

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema una orodha ya lipidi (molekuli za mafuta) 412 za ubongo wa panya kutoka spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, zote programu imezitaja kwa uzito peke yake, na Ijumaa inakwenda kwa msimamizi wako. Halafu unauliza utumie kiyeyushi gani, sampuli zikae kwenye baridi gani na upige takwimu zipi. Mimi macho yamenigota kwenye mstari wa tatu wa jedwali lako: "PC 36:4, 782.567, imeongezeka mara mbili."

Mstari huo huo ulinila miezi saba.

PC ni fosfatidilkolini, mafuta ya utando wa seli; namba ya kwanza ni jumla ya kaboni za minyororo yake ya mafuta, ya pili ni vifungo maradufu. PC 34:1 ni kati ya zile zilizo nyingi zaidi ubongoni. Ikibeba protoni utaiona 760.585. Ikibeba sodiamu, ile ya chumvi, inahamia 782.567. Na PC 36:4 yenye protoni inakaa wapi? 782.569! Kinachozitenganisha ni kama sehemu 3 kwa milioni, nawe programu umeiruhusu ikosee hadi sehemu 5. Zote mbili zinapita mlangoni, na jina linaloandikwa ni moja. Ili uzitofautishe kwa uzito tu unahitaji mashine yenye uwezo wa kutenganisha unaozidi 300,000. Yetu haikuufikia hata kwa mbali.

Mimi nikajenga hoja nzima juu yake. 36:4 mara nyingi hubeba asidi ya arakidoni, kwa hiyo nikasema dawa yetu inachochea uvimbe wa ubongo. Nikanunua vipimo vya vimeng'enya, nikarudia jaribio kwa panya wengine. Hadi jioni moja nikaweka vilele viwili juu ya mstari mmoja wa muda: 760 na 782 vinatoka dakika ile ile, vimelaliana kama pacha. PC 36:4 ya kweli, kwenye safu ya C18 (bomba linalotenganisha mafuta kabla hayajaingia kwenye mashine), ingetangulia. Nikafungua vipande vyake, yaani uzito wa mabaki molekuli ikivunjwa ndani ya mashine. Ile 184.07 inayotawala PC yenye protoni haikuwepo, ilikuwepo 723.49, yaani molekuli imedondosha 59, trimethilamini, tabia ya PC iliyoshika sodiamu. Ubongo wa kundi la dawa ulikuwa umesuuzwa kwa bafa ya chumvi, ule wa kundi la kulinganishia uligandishwa moja kwa moja. Ongezeko lote lile lilikuwa chumvi.

Aliyetufundisha programu ile kwa siku mbili alisimama mbele ya watu kumi na wawili akasema, "Kosa likiwa chini ya sehemu 5 na alama ni ya kijani, andika." Nilimuuliza kuhusu sodiamu. Akajibu programu inajua. Haijui! Inajua ulichoiambia tu. Bado inaniuma, maana wale wengine kumi na mmoja nao wana majedwali yao.

Basi shika hili: usiandike mnyororo wa asidi ya mafuta ambao hujauona kwa macho yako. Geuza mashine upande wa ioni hasi. Kama kimiminika chako kina asidi ya fomi, PC 36:4 itatokea 826.56 ikiwa imeshika fomati, ioni ya asidi hiyo. Ivunje, utafute 303.23 ya arakidoni. PC 34:1 itatokea 804.58 na kukupa 255.23 na 281.25, yaani asidi za palmiti na oleiki. Dakika ile haina 826.56 wala 303.23? Futa jina. Umeona 184.07 peke yake? Andika jumla, PC 36:4, usithubutu kutaja kila mnyororo kwa kuandika 16:0/20:4.

Na pitia PA (asidi za fosfatidi) zako zote. PS 40:6, fosfatidilserini ambayo ubongo unayo tele, upande huo huo wa ioni hasi iko 834.53, ikivunjika mapema kwenye chanzo cha ioni, mlango wa mashine, inapoteza kichwa chake cha serini (87) na kutua 747.50, na programu itakuambia kwa furaha ni PA 40:6. Kama zinatoka dakika moja, hiyo ni PS.

Kiyeyushi: klorofomu na methanoli 2:1, njia ya Folch ya 1957, bado inafaa, ila tumia vyombo vya kioo. Gandisha ubongo upesi, asidi huru za mafuta hupanda ndani ya dakika chache baada ya kifo, kisha uweke kwenye nyuzi -80.

Leo usiku fungua faili, chora 760.585 na 782.567 kwenye mhimili mmoja wa muda, uweke picha hapa. Nipo macho nakusubiri.