Bunduki ya nguruwe pori Texas: boliti au semi?
Ndugu nimekusoma, nguruwe pori wanafukua mahindi ya mwenyeji wako huko Texas na hujui uchukue ipi. Boliti unakoki kwa mkono kila risasi, vyuma vinavyotembea ni vichache so haikwami ovyo, ila ukija kukoki tena nguruwe wa pili keshapotea. Semi-otomatiki (semi) nyingi zinatumia gesi ya risasi kutema ganda na kuingiza risasi nyingine zenyewe, mi natumia Ruger Mini-14, ina pistoni, masizi hayarudi sana ndani kama yanavyorudi kwenye AR-15, semi nyingine maarufu. Iliwahi kunikwamia mara mbili asubuhi moja, kumbe mdomo wa magazini (kikasha cha risasi) ya bei chee umepinda! Nunua magazini za kiwanda chenyewe cha bunduki. Na kama uko kwa visa ya muda muone wakili KWANZA, hata kushika bunduki tu inaweza kuwa kosa.